Muda na Mungu kwa mtu asiye na muda: hatua nilizompitisha mdogo wangu wa kwaya

Alhamisi moja baada ya mazoezi, mdogo wangu mmoja tunayeimba naye sauti ya pili alinivuta kando akaniambia, "Dada, mimi kusali nimeacha. Mungu sijamwacha, ila muda ndio sina." Ni mama lishe, anapikia Kabwe, hapa Mbeya, karibu na daladala zinapopakia. Saa kumi alfajiri yuko macho anakanda chapati, na sufuria la mwisho analiosha saa mbili usiku. Sikumhubiria. Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, Desemba na Januari nashona sare mpaka macho yanawasha, na hali yake nimeiishi miaka mitatu. Nilimwambia aje kwenye fremu yangu Jumapili baada ya ibada. Tuliyoyafanya ndiyo haya, pamoja na machache niliyoongeza baada ya wengine wawili kuniuliza.

Hatua ya 1: Iandike siku yako ilivyo

Ilivyo kweli, siyo unavyotamani iwe. Mteja akiniambia "we kata tu, mimi saizi ya kati", nampima hivyo hivyo. Tulitandaza karatasi ya kaki ninayochorea patani, nikampa chaki ya fundi, akaandika tangu anapofumbua macho mpaka anapolala. Mwanzoni alijaza karatasi yote bila nafasi. Nikamuuliza, "Ukishakanda unga, unafanya nini?" Akasema anasubiri ulainike. Dakika ngapi? Nusu saa. Na hiyo nusu saa unafanya nini? Akacheka, akatazama simu yake. Kwa hiyo nusu saa ilikuwepo. Nyingine ilikuwa saa tisa alasiri, wateja wa mchana wameisha na wa chapati za jioni hawajaanza.

Hatua ya 2: Tundika kwenye msumari ambao tayari uko ukutani

Usianzishe jambo jipya linalojitegemea, halitadumu wiki mbili. Tafuta kitu unachokifanya kila siku utake usitake, sala uitundike hapo. Mimi msumari wangu ni pasi ya mkaa. Naipanga mkaa, nawasha, napepea kwa kipande cha boksi, halafu ni dakika kama kumi na tano mpaka ishike moto sawasawa. Huwezi kuiharakisha. Pasi ya umeme ninayo, imekaa kabatini, na mume wangu amechoka kuniuliza kwa nini siitumii asubuhi.

Msumari wa mdogo wangu ni unga. Akishaufunika kwa kitambaa, anakaa. Unga ukiwa tayari, ibada imekwisha.

Ila utaje muda wenyewe kwa saa. Sisi wa Kanisa la Moravian tunapenda kusimulia habari za kijiji cha Herrnhut kule Ujerumani, jinsi mwaka 1727 wanaume 24 na wanawake 24 walivyogawana saa za mchana na usiku, kila mmoja na saa yake ya kuomba, na mnyororo ule ukaendelea takriban miaka 100. Tunaposimulia huwa tunasifu bidii yao. Mimi kama fundi ninachokiona ni ratiba. Wale walikuwa watu wa kazi za mikono, wafumaji na maseremala, na hakuna aliyeambiwa "utaomba ukipata nafasi". Aliambiwa saa yako ni fulani.

Hatua ya 3: Vifaa

Biblia ya karatasi. Daftari dogo la mistari. Kalamu. Basi.

Najua Biblia iko kwenye simu, hata mimi ninayo, nikiwa kwenye daladala naisoma. Lakini kwa muda huu simu ikae chumba kingine, au kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Ukiishika usome Zaburi, ujumbe wa kikundi cha vikoba utaingia ukiwa mstari wa pili. Kengele ya kuamkia nunua saa ndogo ya mezani, siyo ghali.

Kile kitabu chetu cha mistari ya kila siku kinafaa sana siku za haraka. Kimechapwa tangu 1731 kwa sababu mstari mmoja unabebeka. Lakini kisiwe chakula chako chote, hiyo ni kachumbari.

Hatua ya 4: Usingizi na baridi

Hapa mimi nilipoteza karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie.

Kwenye semina moja mhubiri alisema Mkristo aliye moto huamka saa tisa usiku. Nikatoka nimechomeka. Ilikuwa Juni, na Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, Juni hapa hata maji ya ndoo yanauma vidole. Nikatega kengele saa kumi. Siku ya kwanza niliomba vizuri. Ya pili nikapiga magoti kando ya kitanda, nikavuta blanketi mabegani "kidogo tu", nikaamshwa saa kumi na mbili na nusu na mwanangu anaomba hela ya shule, shavu limechapwa alama za mshono wa mto, mguu umekufa ganzi. Ikawa hivyo wiki nzima. Nikajaribu kunawa uso kwa maji baridi, nikapata mafua ya siku kumi. Nikajaribu kuomba nimesimama, nikasinzia nimeegemea ukuta. Na kila nikishindwa najiona mwenye dhambi, kwa hiyo nikaanza kumkwepa Mungu kabisa, kama unavyomkwepa mteja uliyemchelewesha nguo.

Aliyenitoa ni bibi mmoja wa kanisani, mkulima wa viazi huko Umalila. Hakunifariji. Aliniuliza, "Mwanangu, unalala saa ngapi?" Nikasema saa sita, mara nyingine saa saba, kazi ni nyingi. Akasema, "Sasa hapo shetani umemsingizia bure."

Kwa hiyo kabla hujachagua alfajiri, hesabu unalala saa ngapi.

Ukilala kabla ya saa nne usiku, alfajiri inakufaa na hakuna saa nzuri kama ile, nyumba imetulia na hata majogoo bado. Masharti yake: saa ya kengele iwe mbali na kitanda, usiweze kuizima bila kusimama. Sweta, soksi na kanga ziwe kwenye kiti tangu jana. Toka chumbani, kaa kwenye stuli ngumu, sofa hapana. Soma kwa sauti, hata ya kunong'ona, maana macho peke yake yanadanganya, yanapita kwenye mistari huku wewe umeshalala. Blanketi hapana, sitaki kusikia. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa ati upate joto la kuombea. Hewa mbaya ya mkaa haina harufu, inakulaza usiamke, na huku kwetu kwenye baridi watu wanakufa hivyo. Kama baridi imezidi, vaa soksi mbili.

Ukilala baada ya saa tano kwa sababu ya kazi, alfajiri iache. Iache bila kuomba radhi. Watu watakusomea Marko 1:35, Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda kuomba mahali pasipo watu. Ni kweli. Basi nawe wasomee Marko 4:38, Yesu huyo huyo amelala kwenye mto ndani ya chombo, dhoruba inapiga, mpaka wakamwamsha. Tumia msumari wa mchana. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na siyo zote zilikuwa alfajiri.

Mwenye mtoto mchanga, nyonyesha na uombe hapo hapo. Hatua hii haikuhusu mpaka mtoto aanze kulala usiku.

Hatua ya 5: Cha kufanya ukishakaa

Anza na Marko. Ina sura 16, inakwenda mbio, na nusu sura kwa siku inatosha. Andika mstari mmoja kwenye daftari na neno lako moja au mawili chini yake. Omba. Kuomba unajua.

Wengine huanza na Mwanzo wakafia Mambo ya Walawi. Usianze na Mwanzo.

Hatua ya 6: Madeni yakiingia

Yataingia. Ukifumba macho tu unakumbuka hujalipa kodi ya fremu, kitenge cha mama fulani hakijakatwa, unga umebaki kilo mbili. Nilikuwa nafukuza mawazo haya, yanarudi na wenzake. Sasa ukurasa wa mwisho wa daftari ni wake: linaingia, naliandika neno moja, narudi. Nikimaliza nakuta orodha ya kazi za siku iko tayari. Mdogo wangu amegeuza ukurasa ule kuwa maombi, anamsomea Mungu orodha yote mpaka bei ya mafuta ya kula. Yake imeizidi yangu.

Hatua ya 7: Hesabu shughuli za kanisa kando

Hii ilimuumiza kidogo. Kwenye ile karatasi aliandika kwaya Jumanne na Alhamisi, jumuiya Jumamosi asubuhi, kamati ya jiko la kanisa, na Jumapili yote. Akasema, "Si unaona Dada, muda wa Mungu ninao mwingi." Nikamwambia huo ni muda wa kanisa. Ni mzuri, tena natamani aendelee maana sauti ya pili tuko wachache. Lakini Martha naye alikuwa jikoni kwa ajili ya Yesu mwenyewe, nyumba moja, hatua chache kutoka alipokuwa ameketi, na bado aliambiwa anasumbuka kwa vitu vingi. Kamati ya jiko ameiacha. Mwenyekiti hakufurahi, na nadhani anajua ni mimi.

Hatua ya 8: Siku ikipotea

Usiilipe. Ukikosa Jumatano, Alhamisi usisome mara mbili. Ukianza kulimbikiza utakuwa na deni kwa Mungu kama la dukani, na wiki ya tatu utaanza kupitia njia nyingine. Msiba ukitokea, mgonjwa akilazwa, au ukisafiri Tunduma kufuata mzigo na barabara imejaa malori, siku imekwenda. Kesho fungua pale ulipoachia.

Mdogo wangu yuko Marko sura ya 6 mpaka leo ninapoandika. Ameshapoteza siku nne, tatu kwa msiba na moja kwa uvivu, kama anavyosema mwenyewe. Kwenye ukurasa ule kuna doa la mafuta ya chapati limepenya mpaka sura ya 8. Aliniletea aniulize kama kuna dawa ya kulitoa, kwa kuwa mimi madoa ya nguo nayajua. Karatasi sijui, nimemwambia aweke unga kidogo juu yake, alale nalo usiku mmoja, asubuhi aupanguse.