TV mbili, king'amuzi kimoja: namna ya kupima sinki kwenye waya wa njano

Msimu wa korosho ukianza, wenye vibanda umiza hunikumbuka. Mmoja alinijia kutoka Mikindani, king'amuzi kakifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. "Fundi, picha inapinda kichwani, halafu inapanda kama inakimbizwa. Watu wanadai hela yao."

Nikamwuliza, "Umechomeka TV ngapi?"

"Mbili tu, fundi."

Hapo nilishajua, ila nikapima mbele yake, maana mteja akiona kwa macho habishani na bei. Nawaandikia mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi ambao bado tunalishwa na TV za chogo. (Sinki ninayoisema si ya kuoshea vyombo. Ni lile pigo linaloiambia TV "mstari mpya unaanza hapa".)

Anza na waya wenyewe, huu wa njano unaopeleka picha kutoka king'amuzi hadi TV. Usipime waya wa njano ukiwa unaning'inia, utadanganywa: bila mzigo volti zinakuwa mara mbili. TV ina omu 75 kwenye tundu lake, basi na wewe weka omu 75. Mimi nimeunganisha rezista mbili za omu 150 sambamba kwenye plagi kuukuu, inakaa mezani siku zote. Weka skopu (kile kipimo kinachochora volti kwenye kioo) volti 0.2 kwa kila mraba na maikrosekunde 10 kwa kila mraba, iambie ishike ukingo unaoshuka.

Utaona bonde, kisha kimnyoo cha mawimbi, kisha vurugu ya picha. Kutoka bonde moja hadi jingine ni maikrosekunde 64, huo ndio mstari wa PAL, mfumo wa rangi wa TV zetu. Bonde, ambalo ndilo sinki yenyewe, lina upana wa maikrosekunde 4.7 na kina cha volti 0.3. Kimnyoo ni mizunguko 10 hivi ya megahezi 4.43, na ndicho kinachoipa TV dira ya rangi. Picha huanza kama maikrosekunde 10.5 tangu bonde lianze kushuka, na mwanga mweupe kabisa hufika volti 0.7 juu ya usawa wa mweusi.

Nani anachonga mabonde hayo? Chipu ya enkoda, inayogeuza picha ya namba kuwa volti za waya wa njano. Kwenye mashine za zamani iko peke yake, kama SAA7121 ya Philips. Kwenye hivi ving'amuzi vyetu vya sasa imo ndani ya prosesa kuu, usipoteze muda kuitafuta. Inapokea picha kwa namba, baiti milioni 27 kwa sekunde. Katikati ya namba hizo kuna alama: 255, 0, 0, kisha baiti ya nne inayosema kama mstari unaanza au unakwisha, kama ni zamu ya mistari ya witiri au ya shufwa, na kama tumefika kwenye mistari isiyobeba picha. Chipu inahesabu mapigo 1,728, inaangusha volti, inahesabu tena. Kristali ya megahezi 27 ndiyo mpiga ngoma. Wengine wote wanacheza.

Ndiyo maana picha ikisimama wima vizuri lakini rangi haipo, mimi huanza kuishuku kristali. Ikiteleza sehemu 100 kwa milioni, mistari inahama hezi moja na nusu tu na TV haijali. Lakini mawimbi ya rangi yanahama hezi 443, na baadhi ya TV zinaweza kukataa kuonyesha rangi.

Sasa badilisha skopu iwe milisekunde 5 kwa mraba. Kila nusu ya picha (zamu moja ya mistari ya witiri au ya shufwa) ichukue milisekunde 20. Ukikuta milisekunde 16.7, na mstari maikrosekunde 63.6, acha bisibisi: mtu amechezea rimoti, king'amuzi kinatoa NTSC, mfumo mwingine wa rangi. Ingia kwenye menyu urudishe PAL. Nimewahi kulipwa kwa kazi hiyo, na sikuona haya.

Ukivuta karibu pale mwisho wa nusu picha utakuta mapigo matano membamba, matano mapana, matano membamba tena. Yale mapana yako chini maikrosekunde 27.3 kila moja. TV ya chogo inayakusanya kwenye kapasita, kapasita ikijaa TV inarudi kuchora kuanzia juu.

Baada ya hapo kuna mistari ambayo mtazamaji haioni, na humo chipu hupachika habari. Teleteksti, yaani kurasa za maandishi zinazosafiri pamoja na picha, hukaa kati ya mstari wa 6 na 22, biti milioni 6.9375 kwa sekunde. Hiyo chipu haiihifadhi. Inanyanyua mguu mmoja kuiomba, prosesa inaimimina wakati huohuo. Mstari wa 23, nusu yake ya mwanzo, unabeba biti 14 zinazoiambia TV picha ni pana au ya mraba. Hizo zimeandikwa kwenye rejista, kijisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu, na zinabaki hapo mpaka programu iandike nyingine. Ukiona watu wamevutika kama chapati baada ya kubadili chaneli, huenda namba ya zamani imeganda: zima king'amuzi, washa tena.

Na mteja akilalamikia vidoti vyeupe vinavyochezacheza juu kabisa ya kioo, hiyo ndiyo teleteksti. King'amuzi hakina kosa. Kimo cha picha kimepungua ndani ya TV, mara nyingi kapasita ya upande wa wima imechoka.

Turudi kwa bwana wa Mikindani. Kwa plagi yangu moja, bonde lilikuwa volti 0.3 safi. Nikachomeka ya pili kwenye kile kigawio chake cha Y: ishara yote ikashuka hadi volti 0.67, bonde likabaki 0.2. TV yake moja ilivumilia, ile kuukuu ikashindwa. Nikamtengenezea kikuza ishara chenye matundu mawili ya kutokea, kila TV na lake.

"Kwa hiyo king'amuzi kizima?"

"Kizima, kaka. Kirudishe kwenye kanga."