Somo: Kufunga kwa kufuli (lock) mkondo wa faili kwenye programu ya C yenye nyuzi nyingi (threads)

Assalaam alaikum wanajamvi. Chukulieni programu ya kurekodi boti gatini hapa Amu (Lamu). Uzi (kazi moja kati ya zinazoendeshwa pamoja ndani ya programu) mmoja unaandika boti za Mokowe, mwingine za Shela, na zote mbili zinaandika kwenye faili moja. Ukiifungua unakuta hivi:

Mokowe: Shela: abiria 12
abiria 7

Hao 12 ni wa wapi? Hapajulikani.

Hatua ya 1. Wengi hudhani fprintf, ile ya kuandika kwenye faili, haina ulinzi wowote. Inao. Kwa mujibu wa POSIX (kanuni za mifumo ya jamii ya Unix), kila FILE, yaani mkondo wa faili uliofunguliwa, ina kufuli yake. fprintf na wenzake fputs na putc huifunga zinapoingia na kuifungua zinapotoka. Kwa hiyo mwito mmoja hauingiliwi. Balaa huja pale mstari mmoja unapoandikwa kwa miito miwili: baina yake kufuli iko wazi, na uzi wa pili unajipenyeza.

Hatua ya 2. Ukiweza, tia mstari mzima kwenye fprintf moja. Mara nyingi kazi huishia hapo, na sioni haja ya kujitafutia makuu.

Hatua ya 3. Kama kuna kitanzi (loop), funga mwenyewe kwa flockfile, kisha ufungue kwa funlockfile:

flockfile(f);
fprintf(f, "%s:", kituo);
for (int i = 0; i < n; i++)
    fprintf(f, " %d", abiria[i]);
putc('\n', f);
funlockfile(f);

Kufuli hii huhesabu. Uzi ulioishika unaweza kuifunga tena bila kujikwamisha, ndiyo maana zile fprintf za ndani zinapita. Lakini flockfile mbili zinadai funlockfile mbili. Na jihadharini na return ya katikati: ukitoka bila kufungua, nyuzi nyingine zitangoja mpaka uiue programu. Hesabu nzito, au kusubiri jibu la mtandao, vimalizwe kabla ya kufunga.

Hatua ya 4. Kompaili: gcc -pthread boti.c -o boti. Ukitumia -std=c11, weka #define _POSIX_C_SOURCE 200809L juu ya #include zote, maana flockfile ni ya POSIX, haimo kwenye C yenyewe.

MASWALI

– Maalim, putc_unlocked nayo yafaa?
Yafaa ukiwa umeshafunga kwa flockfile. Haigusi kufuli, hivyo ukiandika herufi mojamoja kwa wingi utaona wepesi wake. Usipofunga, umerudi kwenye fujo ile ile, pengine mbaya zaidi.

– Nikiendesha programu mbili kwenye faili ile ile je?
flockfile haitakusaidia, ndugu yangu. Kufuli yake imo ndani ya kumbukumbu ya programu moja tu. Baina ya programu mbili tumia kufuli ya fcntl, inayosimamiwa na mfumo wa kompyuta, na uite fflush, inayosukuma maandishi hadi kwenye faili, kabla ya kuachia. La sivyo maandishi yatabaki kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kutoka baadaye, kufuli ikiwa kwa mwenzako.

– ftrylockfile, ile ya kujaribu kufunga bila kungoja, yanirudishia 0. Imeshindwa?
La, 0 ndiyo umeipata. Namba nyingine yoyote, mwingine anayo.

– Nina faili mbili, programu yaganda tu.
Tazama utaratibu wa kufunga. Nadhani uzi mmoja unaanza na ya Mokowe kisha ya Shela, na mwingine kinyume chake. Zifungwe kwa mpangilio mmoja kila mahali. Ikiganda tena, bandika msimbo wote hapa.