Kabla hujapakia baskeli kwenye boti kwenda vilima vya karafuu Pemba, soma hapa

Kila ikifika kipupwe naulizwa na watu wa mjini Unguja kuhusu njia za vumbi za Pemba, zile za ndani zisizopita gari, na wengi wanauliza hoteli na picha tu, hakuna anayeuliza baskeli. Basi nakaa naandika yote mara moja ili mtu akiniuliza nimpe hii.

Kwanza ondoeni dhana kwamba Pemba ni tambarare kama Unguja. Pemba ni vilima na mabonde, kilima kifupi lakini kimesimama, unapanda umeinama mpaka unaona mapigo ya moyo shingoni, unafika juu, unateremka, chini kuna bonde la mpunga, halafu unapanda tena, na hivyo hivyo kutwa. Hakuna mpando hata mmoja utakaokuua, ila ukipiga thelathini miguu inaanza kutetemeka. Kule Toscana, Italia, wenzetu wana barabara zao nyeupe za kokoto kati ya vilima vya mizabibu na tangu 1997 wanafanya mwendo maalumu wa baskeli za zamani kuanzia Gaiole in Chianti, watu wanatoka dunia nzima kwenda. Sie badala ya mizabibu tuna mikarafuu, na kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, ndo maana mpaka leo ukiingia njia za ndani unaendesha chini ya kivuli na harufu inakufuata. Nasema haya ili mjue thamani ya mnachokiendea, si mahali pa kwenda na baskeli mbovu.

Wakati. Nenda Juni mpaka Septemba. Masika usiende, yaani kuanzia Machi mpaka Mei ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki, na breki za raba hazishiki kitu. Vuli nayo uangalie mvua ya jana, si ya leo tu. Na kipupwe upepo ni wa kusi, kwa hiyo anzia Mkoani uelekee kaskazini, upepo uwe mgongoni, kurudi panda gari. Nimeona watu wanafanya kinyume wakafika Chake Chake, mji wa katikati, hoi.

Maji lita mbili kwa mtu, si chini ya hapo. Kofia. Chumvi kidogo na ndizi au tende mfukoni. Chaji ya simu na ramani uishushe kabisa ukiwa na mtandao, maana ndani huko mtandao unakata. Raba za breki mpya, sio "bado bado zinafaa". Tairi nene, milimita 40 ikiwezekana, na usizijaze upepo mpaka zikawa mawe, kwenye kokoto tairi ikilegea kidogo inashika vizuri na mgongo wako utashukuru. Kengele ni lazima, konani utakutana na gari ya ng'ombe na ng'ombe hawajui breki.

Mavazi, na hili nasema kwa wanaume na wanawake: unapita vijijini, mbele ya misikiti na skuli, ile bukta ya kubana peke yake hapana, vaa suruali nyepesi juu yake. Salimia. Usipite kama unakimbizwa. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji mbele za watu, jitenge.

Msimu wa karafuu utakuta majamvi yametandikwa uwanjani na kando ya njia, karafuu zinaanikwa. Shuka kwenye baskeli, ikokote pembeni. Zile ni kazi ya familia nzima, watu wamepanda juu ya miti wakachuma, wamekaa usiku wamechambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kidole kwa kidole, halafu weye unapitisha tairi lenye matope juu yake au unarusha vumbi. Mtu akikufokea kwa hilo ana haki.

Sasa nije kwenye lile lililonipata mie, na hapa naomba mtulie msome.

Pua ya tyubu. Ile pua ya kujazia upepo. Baskeli za kwetu nyingi zina pua nene, kama ya pikipiki, au ile ya kizamani ya baskeli za kazi. Baskeli nyingi za mbio na za kokoto zinazokuja za mtumba kutoka nje zina pua nyembamba, ndefu, ina kijinati juu unakifungua kwanza ndo upepo uingie. Mwezi wa nane mwaka juzi niliazima baskeli ya kaka yangu, ya namna hiyo, nikatoka Wete asubuhi na mtoto wa shangazi yangu, ana miaka kumi na saba, tukapita Konde, tukaingia msitu wa Ngezi, lengo mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, nilinunua dukani, saizi sawa sawa ya gurudumu, nikajiona nimekamilika.

Mnara tumeuona, tumekaa, tumeoga bahari. Kurudi, kabla ya Makangale, kule chini si udongo tena ni mawe ya matumbawe, makali, gurudumu la mbele likagonga jiwe likatoa upepo wote kwa mpigo mmoja. Nikafungua, nikakuta tyubu imechanika pale pale kwenye shina la pua, na hapo kiraka hakikai hata uwe fundi wa namna gani. Sawa, nikatoa ya akiba. Pua nene. Tundu la rimu jembamba. Haiingii. Nikaisukuma, nikaizungusha, mdogo wangu akashika rimu mie navuta, wapi. Baskeli yake ilikuwa ndogo, tyubu yake haifai kwangu.

Tukaanza kukokota. Maji yakaisha kabla ya kufika msituni. Simu yangu ilishakufa kwa picha, yake haina salio. Jua huku likizama halikusubiri, tukaingia Ngezi giza limeshashika, hatuna taa, ile miti mirefu imefunga juu huoni hata mkono wako, yule mtoto hakusema kitu lakini alinishika shati nyuma kutoka tulipoingia mpaka tulipotoka. Mie ndo mkubwa, mie ndo niliyemwambia mama yake tutarudi alasiri. Hilo ndo lilikuwa linaniuma kuliko miguu.

Tulifika Konde watu wametoka kusali Isha. Fundi baskeli ameshafunga, tukaelekezwa kwake, mzee akatoka na tochi na kikoi chake, akashika ile tyubu akaitazama, akasema, "Mwanangu, pua hii na tundu hili havijuani." Nikamwambia nimeazima baskeli ya kaka. Akasema, "Kaka yako anataka baskeli au anakutaka weye nyumbani?" Akaleta tupa ya duara, akalitanua lile tundu taratibu, anapima, anatia tena tupa, akalainisha kingo kwa kidole na kitambaa ili isikate tyubu, karibu nusu saa, mdogo wangu anamshikia tochi. Ikaingia. Akatujazia upepo, akatupa na ile tochi, akasema kesho mtairudisha kwa gari ya Konde. Pesa alichukua ya kujaza upepo tu, nyengine alikataa.

Tulifika Wete karibu na saa nne usiku. Shangazi alikuwa amekaa barazani na majirani, wanaume wawili walishatoka na pikipiki kututafuta, walikwenda njia nyengine. Hakunigombeza. Alimkumbatia mwanawe akaingia ndani, akaniachia chakula kimefunikwa. Mpaka leo nikikumbuka ile sahani iliyofunikwa nashindwa kusema.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla hujanunua tyubu ya akiba toa ile iliyomo ndani, iweke mezani, linganisha pua kwa pua. Chukua mbili, sio moja. Kama una pua nyembamba nunua na kile kidude cha shaba cha kuvika ili pampu za kawaida zikubali, kidogo mno, kifunge kwenye pua kabisa kisipotee. Lakini jueni kidude hicho hakikusaidii kitu kama tyubu yenyewe imechanika. Mie kwa upande wangu nilimlipia kaka gurudumu la nyuma nalo likatanuliwa, sasa yote mawili yanachukua pua nene, tyubu unapata kirahisi zaidi. Rimu za kaboni usithubutu kutia tupa.

Halafu taa, hata kama unarudi saa nane mchana. Viraka, solusheni, pampu. Mnyororo utie mafuta kidogo tu, vumbi linaganda kwenye mafuta mengi. Msituni Ngezi pita getini ujiandikishe, watu wajue umeingia. Usimwachie mtoto atangulie kwenye mteremko. Usinywe maji ya kisima usichokijua. Ukiona wingu zito upande wa bahari usianze kilima kipya, kaa barazani kwa mtu, utakaribishwa. Mwachie mtu mmoja nyumbani jina la kila kijiji utakachopita, kwa mpangilio, na saa, na ukibadilisha njia mpigie kabla hujaingia ndani kwenye mtandao mbovu, na salio liwepo kwenye simu zote mbili