SOMO: Lori la dizeli na kebini wakati wa kipupwe (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila ikiingia Juni maswali ni yaleyale. Gari haliwaki asubuhi, hita inapuliza upepo wa baridi, nilale na jiko? Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo hili ni la baridi yetu ya Makete, Njombe, Makambako na Mbeya. Anayekwenda kuendesha kwenye theluji ya Ulaya atafute lingine.

1. Jaza tangi jioni. Nafasi tupu ndani ya tangi hutoa jasho usiku, na maji hayo hutuama chini ya dizeli. Asubuhi fungua koki ya filta ya maji, mwaga mpaka itoke dizeli tupu.

2. Betri: safisha vichwa, kaza nyaya. Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12. Ikifa moja, badilisha zote, maana mpya itavutwa chini na kongwe.

3. Oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Basi.

4. Rejeta: kulanti (dawa ya kuzuia maji kuganda) nusu, maji safi nusu. Kitulo, kule juu Makete, kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu. Maji yakiganda hutanuka, bloku ya injini haitanuki, inapasuka.

5. Kuwasha. Fungua swichi, subiri taa ya koili (kipasha moto cha silinda) izime. Kanyaga klachi ili starta isizungushe na giaboksi iliyolala baridi. Piga starta sekunde 10 hadi 15, ikigoma ipumzishe dakika moja au mbili. Ikiwaka, usiikanyage. Oili ikishapanda na upepo wa breki ukajaa, ondoka taratibu. Kuliacha silensa (injini inaunguruma, gari limesimama) nusu saa nzima halipati joto la maana, na mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye oili.

6. Thamostati. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kebini haina moto wake. Joto la hita ni maji ya injini yanayopitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Thamostati huyazuia maji yasikimbilie rejeta kubwa mpaka yafike kama nyuzi 80 na kitu. Sasa mafundi wetu wengi wana dawa moja ya gari linalochemsha: toa thamostati, tupa. Lori nililokabidhiwa lilikuwa limefanyiwa hivyo, na nimebadilisha moduli ya feni ya hita, nimezibua mabomba, nimelalamikia swichi, kumbe maji hayakuwa yamepata moto hata siku moja. Kabla hujanunua kifaa chochote cha hita, angalia geji: kama unatembea na mzigo saa nzima na mshale uko chini, muulize fundi wako thamostati iko wapi. Na madhara si baridi ya miguu pekee. Injini isiyopata moto inakula mafuta, inatoa moshi mweupe, inachakaza silinda. Kama lilikuwa linachemsha, kuna sababu (rejeta imeziba, pampu ya maji, feni, mfuniko wa rejeta), itafute hiyo. Ukiirudisha thamostati, toa hewa yote kwenye mfumo. Hewa ikinasa kwenye hita, utapata baridi tena na utanitukana bure.

7. Boksi mbele ya rejeta: linasaidia, lakini funika sehemu tu, na uliondoe ukishuka. Boksi la Makambako lililosahaulika hadi siku ya kupanda mlima Kitonga na mzigo linachemsha injini na kuua gasketi.

8. Kulala. Blanketi zito, soksi, sweta, pazia. JIKO LA MKAA LISIINGIE KEBINI, hata likiwa limebaki makaa tu. Gesi yake haina rangi wala harufu. Unaumwa kichwa, unalegea, na mkono wa kufungua mlango huupati.

MASWALI

Mwenye Fuso, Njombe: Na nikiacha kioo wazi kidogo, jiko linafaa?
— Hapana. Rudia namba 8.

Mwenye Fuso, Njombe: Mbona wazee walilala nalo miaka yote?
— Unaongea na waliobaki, mkuu.

Utingo, Makambako: Bosi anachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, anasema inawaka haraka baridi.
— Baridi yetu haigandishi dizeli, kwa hiyo hakuna anachotibu. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kulinda pampu na nozeli. Na wakikagua vinasaba (alama ya siri inayotiwa kwenye mafuta halali), mwambie aandae maelezo.

Fundi mwanafunzi, Uyole: Samahani kaka, kwa nini gari lilelile linawaka Mbeya mjini na kugoma Kitulo? Ni baridi tu?
— Swali zuri. Baridi ni nusu ya jibu. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa kwenye silinda. Kitulo ni mita 2,600 hivi, hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani. Hewa kidogo tena ya baridi ikibanwa haifiki joto lilelile, na bloku baridi inainyang'anya hata hilo. Ndiyo maana koili iliyokufa moja, ringi za pistoni zilizochoka au betri dhaifu mjini huvioni, juu vinajitokeza vyote pamoja. Hukohuko maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha usiudharau. Ukija karakana kwetu nitakuonyesha namna ya kupima koili moja moja.

Dereva, Tunduma: Mimi napuliza ile dawa ya kopo ya kuwashia injini kwenye njia ya hewa, inashika mara moja.
— Gari lenye koili? Siku itashika kabla pistoni haijafika juu, utanunua injini.

Dada mwenye Canter, Iringa: Kioo kinafunga ukungu asubuhi, nafuta kwa kitambaa barabara nzima.
— Washa hita na AC pamoja, dada, uelekeze kiooni. AC inakausha hewa. Na zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kama nje kuna barafu usimwagie maji ya moto, kitapasuka.