Kabro nyuma ya nyumba huku Minnesota: kazi yote iko chini

Watu wangu wa Brooklyn Park na kwingine Minnesota, najua wengi mmenunua nyumba na kila samaa mnataka patio ya kabro, yaani sakafu ya nje ya matofali ya zege yanayopangwa, mahali pa kuweka jiko la nyama choma na viti bila kukanyaga matope, halafu mnapigia kontrakta simu anawatajia bei mnanyamaza. Hii kazi unaiweza na ndugu wawili watatu wenye mgongo mzima, lakini msiifanye ile ya kumwaga mchanga juu ya udongo na kupanga. Kwetu Afrika ardhi haigandi. Huku maji yakikaa kwenye udongo wa mfinyanzi, winta ikija yanaganda yanavimba yanasukuma kabro juu, theluji ikiyeyuka unakuta patio ni mawimbi matupu. Sheria ya ujenzi hapa inataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na 60 kaskazini, kwa hiyo fikiria baridi inafika wapi. Patio haihitaji kwenda huko chini, inahitaji tu kulalia kitu kisichoshika maji.

Kabla ya jembe kugusa nyasi, piga simu 811, namba ya kutoa taarifa kabla ya kuchimba. Ni bure, wanakuja kukuchorea mahali nyaya na mabomba yamepita, nyekundu ni umeme, njano ni gesi, bluu maji. Piga siku kadhaa kabla, wikendi hazihesabiwi. Na hapa sikilizeni vizuri manake wengi hawajui: hawachori vitu vya kwako binafsi, kama waya wa kwenda gereji au bomba la kumwagilia nyasi, hivyo utafute mwenyewe. Pia uliza ofisi ya mji kama unahitaji kibali, na kama mtaa una HOA (chama cha wenye nyumba) pata ruhusa yao kwa maandishi.

Sasa mahesabu. Chukua patio ya futi 12 kwa 12. Unachimba inchi 9 na kidogo: 6 za kokoto, 1 ya mchanga, na kabro yenyewe inchi 2 na zaidi kidogo. Chimba ukizidisha inchi 6 kila upande usiogusana na nyumba, la sivyo kingo zitakosa pa kushika. Kokoto agiza kama yadi 4 za ujazo, zinapungua zikishindiliwa, na udongo unaotoa ni mwingi kuliko unavyodhani kwa sababu ukichimbwa unafura, kwa hiyo jua mapema utaupeleka wapi. Kabro agiza asilimia 10 zaidi.

Pembe pima kwa kamba, tatu nne tano kama fundi yeyote wa kwetu: futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, mshazari ukiwa 5 pembe imenyooka. Halafu mteremko: inchi 1 kwa kila futi 4, kutoka nyumbani kwenda uani. Mkilegeza hapo maji yanarudi ukutani na basement zetu hizi zinavuja, na hiyo gharama inazidi patio mara nyingi. Mteremko unaanza kule chini kwenye shimo. Mchanga si wa kurekebishia.

Kwenye shimo, kama udongo ni mfinyanzi tandika kwanza kitambaa cha kutenganisha, kinazuia kokoto kuzama kwenye matope. Kwa wauza kokoto sema Class 5, zile zimechanganyika na vumbi lake na zinakamatana. Usizimwage zote mara moja jamani, hapa ndio patio nyingi zinakufa. Weka inchi 2 hivi au 3, nyunyiza maji kidogo, pitisha kompakta (mashine ya kushindilia, unakodi kwa siku Home Depot), kisha tabaka lingine hivyo hivyo. Kompakta ndogo haifiki chini ya inchi 6 za kokoto, juu patakuwa pagumu na chini ni legelege. Ukipita na kisigino kikaacha alama, rudia.

Mchanga sasa ni rahisi: laza mabomba mawili ya inchi 1, mwaga mchanga mkavu wa chenga kubwa, vuta ubao ulionyooka juu yake, toa mabomba, ziba mifereji. Usiushindilie na usiukanyage. Panga kabro ukisimama juu ya zile ulizokwisha weka, na chukua kutoka paleti mbili tatu kwa pamoja ili rangi zichanganyike. Za kukata, tumia mashine ya maji na vaa barakoa ya N95, lile vumbi linaharibu mapafu na hayaponi.

Kingo za plastiki zifunge kwa misumari ya inchi 10, pitisha kompakta juu ya kabro ikiwa na mpira chini isizikwaruze, ndio ufagie mchanga wa polima (wenye gundi inayokaza ukilowa) kwenye nafasi kati ya kabro. Kabro ziwe kavu kabisa na mvua isiwepo siku hiyo wala kesho yake, puliza vumbi lililobaki juu kabla ya kunyunyizia maji, ukiacha linaganda weupe usiotoka.

Winta usimwage chumvi ya barabarani, inakula zege, tumia mchanga na koleo la plastiki. Aprili pita uangalie, kabro iliyozama ing'oe kwa bisibisi mbili, ongeza mchanga chini, irudishe.