SOMO: Kupunguza uzito kwa chakula hiki hiki cha nyumbani, anza na chupa ya mafuta kabla hujaugusa ugali

Habari zenu wapendwa. Nimeona watu wengi wanateseka na dayati za kukopi, mara oti, mara brokoli, mara lozi, mwisho wa mwezi hela imeisha na kilo ziko palepale. Leo tutumie vilivyopo gengeni na jikoni kwako, unga, maharage, dagaa, mchicha, mayai, ndizi. Na kitu ninachotaka kieleweke kabla ya vyote ni kwamba kinachotunenepesha majumbani mara nyingi sio kile tunachokiita chakula, ni vile vinavyopita bila kuhesabiwa, yaani mafuta ya kupikia, sukari ya kwenye chai, soda, juisi, na ule mkono unaoonja onja wakati wa kupika. Mtu anaacha ugali kabisa, anabaki na mboga inayoelea mafuta, alafu anashangaa mwili haushuki.

Tahadhari kidogo. Mjamzito hili somo sio lako kwa sasa. Mtoto asiwekewe dayati bila mtaalamu. Na kama unapungua tu wenyewe bila kufanya chochote, usifurahie, nenda hospitali ukapimwe.

HATUA YA 1: Jipime

Chukua futi kamba kama ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, toa pumzi kawaida usivute tumbo ndani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, kwaiyo mwenye sentimita 160 kiuno kiwe chini ya 80. Uzito pima mara moja kwa wiki, asubuhi ukitoka chooni na kabla hujala, mizani ileile. Kupima kila siku kunakatisha watu tamaa bure, maana ukila chumvi nyingi jana au ukikaribia siku zako maji tu yanaweza kukuongeza kilo na hayo sio mafuta.

Ukitaka kujua uko wapi, gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 na mita 1.6 anapata 31 na kitu. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wenyewe sasa.

HATUA YA 2: Mafuta, hapa ndo penyewe

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120. Sasa chukua familia ya watu watano wanaonunua mafuta ya kupima robo lita na yanaisha siku hiyohiyo, hiyo ni kama kalori 2,000, kila mmoja kameza 400 za mafuta peke yake. Ugali wa gramu 100 za unga ni kalori kama 360. Umeona? Mafuta yamezidi ugali na hakuna aliyeyaona kwenye sahani.

Kwaiyo fanya hivi, kila asubuhi tenga mafuta ya siku nzima kwenye kichupa chake, vijiko viwili vya chakula kwa kila mtu mzima, na kikiisha kimeisha. Usimimine tena kutoka kwenye dumu moja kwa moja, mkono hauna kipimo. Kitunguu kaanga kwa kijiko kimoja, tia nyanya, funika iive kwa maji yake. Dagaa wakaange wakavu kwanza kwenye sufuria bila mafuta mpaka wanukie ndo uwaunge rosti. Mchicha na matembele havihitaji kuogelea. Watu wa Pwani na Visiwani, sisemi muache nazi, tumia tui jepesi, lile zito weka kidogo mwishoni kwa ladha.

Na jamani, alizeti, pamba, mawese, ufuta, kwa upande wa kalori vyote ni sawa. Alizeti ni nzuri zaidi kwa moyo kuliko mawese, lakini ukiimimina utanenepa vilevile.

HATUA YA 3: Sukari ya kunywa

Soda ya mililita 350 ina gramu 35 za sukari au zaidi, ni karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita hivi. Sasa mwenye vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya mlima, kashavuka kabla hajagusa soda. Usikate ghafla, punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea wenyewe. Weka iliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai, chai inakuwa na ladha yake.

Juisi ya embe, ya miwa, ya ukwaju iliyotiwa sukari, nazo ni sukari ya kunywa. Kula tunda lenyewe, utashiba. Bia nayo ihesabu, chupa ya nusu lita ni kama kalori 200, na nani anakunywa moja.

HATUA YA 4: Sahani

Nusu ya sahani mboga ya majani na kachumbari, robo ugali au wali au ndizi au viazi, robo maharage au samaki au nyama au mayai. Na ni sahani ya kawaida, sio sinia. Kinachowasumbua wengi ni kwamba wanga unarundikwa, ugali na viazi vya rosti pembeni, au wali na chapati na tambi sahani moja kama tupo harusini. Chagua mmoja.

Mboga za majani ndo zinazokubeba, kula kwa fujo, mchicha, mnafu, chainizi, kisamvu, bamia, nyanya chungu. Maharage, kunde, choroko na dengu usivichukulie kama chakula cha shida, vina protini na nyuzinyuzi pamoja na vinakaa tumboni muda mrefu, hakuna dawa ya kupunguza njaa inayouzwa mitandaoni itakayokupa hicho kwa bei hiyo.

HATUA YA 5: Asubuhi

Chai na maandazi mawili, saa nne njaa inauma, unanunua sambusa. Badala yake yai la kuchemsha na kiazi kitamu, au maharage yaliyobaki jana na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ukila kwa mama ntilie mwambie tu, mama punguza wali niongezee maharage na mboga, wengi wanakubali bila shida. Chipsi mayai iwe ya mara moja moja, viazi vimeshakunywa mafuta alafu vinakaangwa tena na mayai.

HATUA YA 6: Tembea

Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kama nusu saa siku tano. Shuka daladala kituo kimoja kabla. Ongeza kuchuchumaa na kusimama nyumbani ili misuli isipotee. Lakini usitegemee kutembea kufute soda mbili, mdomo unaingiza haraka kuliko miguu inavyotoa.

Ukipungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki uko vizuri sana. Wiki ya kwanza inaweza kushuka zaidi, mengi ni maji.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Mwalimu, ni kweli ugali usiku ni sumu, inabidi mwisho kula saa kumi na mbili?
Jibu: Hapana dada, ugali haujui saa. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Shida ya usiku ni kwamba mtu ameshinda na njaa, akifika anakula mara mbili. Kula mchana vizuri, usiku ugali wa ukubwa wa ngumi yako na mboga nyingi, inatosha.

Swali: Mkuu, dona na sembe ipi inapunguza?
Jibu: Hakuna inayopunguza, kalori zinakaribiana. Dona ina pumba na kiini kwaiyo nyuzinyuzi ni nyingi na unashiba mapema, mi nashauri dona, ila hakikisha mahindi ni makavu na safi, yasiwe na ukungu.

Swali: Nakunywa maji ya ndimu na tangawizi kila asubuhi kukata mafuta ya tumbo, niendelee?
Jibu: Endelea kama unaipenda, ila hayakati mafuta, na hakuna kinywaji kinachochagua tumbo peke yake. Ila kama una vidonda vya tumbo acha. Na zile chai za kupunguza uzito zinazokuharisha naomba muachane nazo kabisa, nyingi zinatiwa sanamaki, unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako yamebaki palepale.

Swali: Nanyonyesha mtoto wa miezi minne na nimenenepa sana, naambiwa nile mtori na uji wa siagi maziwa yatoke.
Jibu: Hongera mama. Maziwa yanatoka kwa mtoto kunyonya mara nyingi na wewe kunywa na kula vya kutosha, siagi haihusiki sana. Usijinyime, kunyonyesha kwenyewe kunakula kalori. Mtori kunywa lakini uwe na nyama na usiwe wa mafuta juu, uji usitie siagi na sukari vyote. Anza na hatua ya 3 tu kwa sasa.

Swali: Mimi ni mgonjwa wa kisukari natumia glibenclamide, naweza kufuata hili?
Jibu: Ongea na daktari wako kwanza kaka, tafadhali. Hiyo dawa, na insulini pia, ukipunguza chakula ghafla sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka, dozi inatakiwa iangaliwe pamoja na chakula.

Swali: Nilishuka vizuri alafu nimekwama, mwezi mzima mizani haisogei.
Jibu: Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa mwanzo, kwaiyo kile kipimo kilichokushusha sasa kinakushikilia tu. Angalia kiuno kwanza, kama kinapungua wewe endelea. Kama nacho kimekwama, rudi kwenye kichupa cha mafuta, wengi kinakuwa kimeshaachwa na dumu limerudi jikoni. Kipo bado, au unamimina?