Kuishi Ugenini Wakati wa Mafunzo kwa Vitendo

Siku ya kukabidhiwa ufunguo wa chumba, piga picha kuta, madirisha, vitasa na mabomba, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Usipofanya hivyo, gharama ya ufa wa miaka mingi inaweza kukatwa kwenye amana yako, yaani pesa ya dhamana uliyomwachia.

Njia ya kwenda kazini ijaribu siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukitoka. Ukiijaribu Jumapili utadanganyika, kwa sababu hakuna foleni. Ongeza dakika 15 juu ya muda uliopata.

Posho nyingi hulipwa mwisho wa mwezi, hivyo fika na nauli na pesa ya chakula ya wiki 5. Zigawe kwa wiki, usizigawe kwa mwezi: matumizi ya wiki yakizidi, unaona mapema na kurekebisha.

Chakula ndicho huwashinda wengi. Ukirudi umechoka saa 1 jioni hutaweza kupika, utanunua. Pika mara mbili kwa wiki, kila mara milo ya siku 3. Chakula kigawe kikiwa bado moto kwenye vyombo vifupi, maana sufuria iliyojaa hubaki vuguvugu katikati na vijidudu huzaliana humo. Kiingie kwenye friji ndani ya muda wa saa 2 baada ya kupikwa. Wali usiuchezee kabisa: sumu ya vijidudu vyake haiondoki hata ukiuchemsha tena. Kama huna friji, pika cha siku moja tu.

Nguo zifue Jumamosi asubuhi. Ukingoja Jumapili usiku, Jumatatu utavaa shati bichi.